Gitaa linasikika kama limelewa: kuweka korasi na sauti ya pili kwenye prosesa

Swali: «Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Dodoma, na Jumamosi tunapiga harusi. Nimenunua prosesa (boksi la kubadilisha sauti ya gitaa) ya mtumba. Nikiwasha korasi nikiwa nyumbani naipenda sana, lakini nikipiga pamoja na kinanda wenzangu wanasema gitaa limelewa, nityuni upya. Tyuna inaonyesha nyuzi ziko sawa. Halafu kuna efekti ya kuongeza sauti ya pili: baadhi ya noti zinakuwa tamu, nyingine zinaumiza masikio. Niweke namba gani?»

Marahaba, mdogo wangu. Nyuzi zako ziko sawa na tyuna haikudanganyi. Wenzako nao hawakosei: wanachosikia ni kweli, gitaa linatoka nje ya sauti na kurudi, mara kadhaa kwa sekunde, na anayelitoa ni korasi. Kinanda kimesimama palepale, ndiyo maana ukiwa peke yako nyumbani husikii kasoro. Masikio yanahitaji kitu kisichotikisika pembeni ndipo yajue kwamba chako kinatikisika.

Namba nitakupa, ila nikikupa namba tupu utarudi wiki ijayo na swali lilelile kwa prosesa nyingine, kwa sababu 50 ya kampuni moja si 50 ya kampuni nyingine. Kwanza tuelewane mashine inafanya nini humo ndani.

Korasi ninayoisema hapa si kiitikio cha wimbo. Prosesa inachukua sauti ya gitaa, inatengeneza nakala yake, inaichelewesha kidogo sana, kati ya milisekunde 7 na 25 hivi, kisha inaichanganya na sauti halisi. Ingeishia hapo ungesikia gitaa lenye sauti ya ajabu kidogo, kama liko ndani ya bomba. Siri iko kwenye hatua inayofuata: ule ucheleweshaji hautulii. Kuna wimbi la polepole linalousukuma, urefuke, ufupike, urefuke tena. Umewahi kusimama stendi basi likiingia dereva ameshikilia honi? Likija kwako honi inasikika juu kidogo, likikupita inashuka. Nakala ya gitaa lako inafanya vivyo hivyo. Ucheleweshaji unapofupika ni kama inakusogelea, pichi, yaani ujuu au uchini wa sauti, inapanda; unaporefuka inakuwa kama inakwenda zake, pichi inashuka. Ukichanganya hiyo na sauti iliyotulia, unapata ule mng'ao wa magitaa mawili yanayopiga kitu kimoja.

Kwenye skrini utaona maneno mawili, Rate na Depth. Rate ni kasi: wimbi linazunguka mara ngapi kwa sekunde. Depth ni kina: nakala inasogezwa umbali gani. Wapigaji wengi wanayachukulia kama vitu viwili visivyohusiana, na hapo ndipo ulevi wa gitaa unapoanzia, kwa kuwa kiasi ambacho pichi inatoka nje kinategemea hayo mawili yakizidishwa pamoja.

Tupige hesabu kidogo. Nusu toni moja, yaani freti moja ya gitaa, imegawanywa katika senti 100, kama shilingi. Chukua korasi inayosogeza nakala milisekunde 2 mbele na 2 nyuma. Wimbi likizunguka mara moja kila sekunde mbili, pichi ya nakala inapanda na kushuka kwa takriban senti 11. Hiyo sikio linaipokea kama unene mzuri. Sasa usiguse kina hata kidogo, ongeza kasi tu mpaka mzunguko mmoja kwa sekunde: tayari ni senti 22 hivi. Peleka kasi kwenye mizunguko mitatu kwa sekunde: senti 64, zaidi ya nusu ya freti, juu na chini, mara tatu kila sekunde! Kina ni kilekile ulichokipenda mwanzo. Wewe unajiona umeongeza mwendo tu, kumbe umeongeza upotevu wa sauti mara sita.

Kwa hiyo kanuni ninayotaka uishike ni hii: ukipandisha kasi, shusha kina; ukitaka kina kirefu, kasi iwe ya kobe. Mtu akikuachia prosesa yenye Rate 70 na Depth 70, hata kabla hujakwaruza uzi jua kwamba mpiga kinanda atakugeukia.

Fanya hivi kabla ya mazoezi. Fungua nafasi tupu ya kuhifadhi sauti, weka amplifaya safi na korasi peke yake. Mwangwi na vikorombwezo vingine vizime. Mwombe mpiga kinanda ashikilie do ya chini, sauti ya ogani isiyotikisika, asiachie. Wewe piga kodi ya C, yaani noti zake kwa pamoja, ukiiacha ilie mpaka ife. Anza na Rate ndogo, kwenye prosesa nyingi robo ya chini ya kipimo, na Depth sifuri. Pandisha Depth polepole huku ukiipiga kodi tena na tena. Kuna mahali utasikia gitaa linaanza kuvuta ogani, kama watu wawili wanaosukumana kwenye benchi. Ukifika hapo, rudi nyuma mpaka msukumano upotee, halafu rudi tena kidogo. Hapo ndipo kina chako kwa kasi hiyo. Kiandike, maana kesho utakisahau.

Baada ya hapo gusa Mix, au Effect Level kama prosesa yako inaiita hivyo. Hii ndiyo kiasi cha nakala dhidi ya sauti halisi. Vijana wengi wanaiweka nusu kwa nusu au zaidi. Nusu kwa nusu ndiyo korasi inapong'aa kuliko mahali popote, na ndiyo pia inapokula gitaa kuliko mahali popote. Mimi kwa kazi ya bendi naanzia 30 hadi 35 kati ya 100, kwa sababu inayohusu waya unaotoka kwenye prosesa yako kwenda kwenye mixa.

Mwaka 1975 Roland walitoa amplifaya iitwayo JC-120. Ina spika mbili za inchi 12, kila moja na wati zake 60. Kwenye korasi yake, spika moja ilitoa sauti kavu ya gitaa na nyingine ikatoa nakala inayotikisika, na mchanganyiko ukafanyika hewani, mbele ya msikilizaji. Mwaka uliofuata saketi hiyohiyo ya korasi ikawekwa kwenye boksi la miguuni, CE-1, na ndiyo ikawa pedali ya kwanza kabisa ya Boss. Yale magitaa safi, yanayometa, ya rumba na sebene za miaka ya 1980 zilizorekodiwa Paris, ambayo naamini ndiyo unayoyatafuta, yalizaliwa wakati korasi ya namna hii imejaa studio kila kona. Na yalirekodiwa kwa stereo, kushoto na kulia.

Wewe una waya mmoja. Sauti kavu na nakala havikutani hewani, vinakutana ndani ya waya. Na sauti mbili zinazofanana zikikutana huku moja imechelewa, baadhi ya masafa yanajumlishana na mengine yanafutana. Ikichelewa milisekunde 1, sauti ya 500 Hz (mitetemo 500 kwa sekunde) inafutika, na ya 1500, na ya 2500, ukiendelea hivyo. Ikichelewa milisekunde 10, mashimo ya masafa yaliyofutika yanaanzia 50 Hz na yanajipanga kila baada ya 100. Hayo mashimo nayo yanatembea, kwa sababu ucheleweshaji unatembea. Mashimo yanakuwa na kina zaidi pale nakala na sauti halisi zinapolingana nguvu.

Mimi jambo hili lilinipata harusini. Nilitengeneza sauti chumbani kwa hedifoni, korasi ya stereo, pana kama ziwa. Jioni ukumbini tukaingia kwa waya mmoja, na gitaa likakonda mpaka bibi mmoja aliyekaa meza ya mbele akamuuliza mwenzake yule wa gitaa mbona hapigi. Nilikuwa nacharaza kwa nguvu zote. Tangu siku hiyo sitengenezi sauti ya ukumbini kwa hedifoni. Ukitoka na waya mmoja, tengeneza kwa waya mmoja, kupitia spika, na kwa sauti kubwa inayokaribia ya ukumbini. Masikio yakisikiliza kwa sauti ndogo yanaitaka korasi nyingi kuliko inayofaa. Kama prosesa yako ina matundu mawili ya kutolea na mixa ina nafasi, na spika za ukumbi kweli zimefungwa kushoto na kulia, tumia yote mawili. Ila muulize fundi wa mitambo kwanza. Kumbi nyingi spika zote zinapokea kitu kimoja, na hapo waya wa pili haukusaidii.

Kuna vidude viwili zaidi kwenye korasi ambavyo watu huviruka. Pre Delay inaamua nakala ichelewe kiasi gani kabla haijaanza kusogezwa. Ikiwa fupi sana sauti inakuwa na chuma. Ikiwa ndefu inaanza kusikika kama mtu wa pili anayekufuata. Milisekunde 10 hivi ni mahali salama pa kuanzia. Cha pili ni kikata besi, Lo Cut. Kama unacho, kipandishe mpaka karibu 200 Hz. Noti za chini za gitaa zitabaki zimesimama imara na zile za juu ndizo zitakazometa. Mpiga besi atakushukuru bila kujua kwa nini, maana korasi kwenye noti za chini ndiyo inayomfanya aonekane anapelea.

Na kama mwenzako wa rithim naye ana korasi, mmoja wenu azime. Magitaa mawili yakitikisika kila moja kwa mwendo wake, hakuna namba itakayowaokoa. Kwa maoni yangu aache yule wa rithim. Solo ibaki na mng'ao.

Fleja na feiza nitazipitia haraka, kwa kuwa kwa muziki unaopiga hutazihitaji sana. Fleja ni ndugu wa korasi: ucheleweshaji mfupi zaidi, milisekunde 1 hadi 10 hivi, halafu sehemu ya sauti inarudishwa mlangoni izunguke tena. Kidude cha kurudisha kinaitwa Feedback au Resonance. Ukikizidisha unapata ule mvumo wa ndege inayopaa. Kiweke chini, kasi ndogo sana, na utumie kwenye kodi ndefu tu. Feiza haicheleweshi kwa namna hiyo. Inapitisha sauti kwenye hatua za vichujio vinavyogeuza awamu ya mawimbi, na kila hatua mbili zinatoa shimo moja. MXR Phase 90 ya mwaka 1974 ina hatua nne, kwa hiyo mashimo mawili, na nobu moja tu, ya kasi. Ukikuta kwenye prosesa feiza yenye chaguo la 4, 6 au 8, anza na 4. Mimi feiza naipenda kwenye rithim ya kukwaruza kwa kukata, kasi ya chini, inalipa gitaa pumzi.

Tremolo na vibrato zinachanganya watu, na lawama inaanzia kwa Fender. Tremolo ni sauti kuongezeka na kupungua nguvu. Vibrato ni pichi kupanda na kushuka. Fender waliuita tremolo ule mkono wa Stratocaster ya mwaka 1954, ambao kazi yake ni kuvuta pichi, kisha amplifaya zao nyingi za miaka ya 1960 zikaandikwa vibrato mahali ambapo kinachotikisika ni nguvu ya sauti. Majina yakawa yamegeuzwa na yamebaki hivyo vichwani mwa watu. Kwenye prosesa yako, mara nyingi majina yamewekwa sawasawa. Kwa kwaya chagua tremolo bila wasiwasi wowote, kwani haigusi pichi. Hata ukiipeleka kasi hutatoka nje ya kii, ile ngazi ya noti za wimbo. Cha kuangalia ni mwendo wa wimbo. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde, kwa hiyo tremolo ya mizunguko 2 kwa sekunde inatikisika mara moja kwa pigo, na ya 4 inatikisika mara mbili. Kama prosesa ina kitufe cha kugonga mwendo kwa mguu, kigonge pamoja na ngoma, hesabu hii yote utaiacha.

Vibrato yenyewe ni korasi iliyoondolewa sauti kavu. Ukikuta korasi yako ina Mix na ukaipeleka 100, umejitengenezea vibrato bila kukusudia. Nakuomba ukaangalie hilo leo: prosesa ya mtumba inakuja na sauti za mwenye nayo wa kwanza, na huenda alipenda hivyo.

Sasa niingie kwenye pichi, na nianze na kitu ambacho nadhani ndicho kitakachokufaa kuliko korasi yenyewe. Tafuta kwenye orodha ya efekti jina Detune. Hii nayo inatengeneza nakala, lakini haiitikisi. Inaipandisha au kuishusha senti chache na kuiacha hapohapo. Weka senti 7, Mix 30. Unapata unene wa magitaa mawili bila ile hali ya kuogelea, kwa sababu hakuna kinachopanda na kushuka. Kinachosikika ni mawimbi mawili yanayopishana taratibu: noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde ikikutana na nakala iliyozidi senti 7 inapishana nayo karibu mara 1.8 kwa sekunde. Noti ya A ya uzi wa tano ukiwa wazi, yenye mitetemo 110, inapishana mara moja tu kila sekunde mbili na zaidi kidogo. Ndiyo maana huku chini inatulia na huku juu inameta, jambo ambalo kwenye korasi ulilazimika kulitafuta kwa kikata besi. Jaribu senti 5, 7, 10. Ukipita 15 unaanza kusikia kinanda cha shule ya zamani kisichotyuniwa. Mbele ya kinanda kilichotulia, mimi mara nyingi nazima korasi na kuwasha hii.

Efekti ya sauti ya pili ndiyo inayokuumiza masikio, na wewe kama mtu wa kwaya utaielewa haraka kuliko mpigaji wa baa, kwa sababu unasoma solfa.

Kwenye prosesa kuna aina mbili. Ya kwanza inaitwa Pitch Shift: unaiambia ongeza nusu toni kadhaa, na inaongeza hizohizo kwa kila noti, haijali umepiga nini. Nahisi wewe ndiyo hiyo, na umeiweka 4. Tazama kinachotokea katika kii ya C. Do ikiongezwa nusu toni 4 inatoa mi, safi kabisa, ndiyo zile noti tamu. Re ikiongezwa 4 inatoa fa iliyopandishwa, ambayo haimo kwenye kii. Mi inatoa so iliyopandishwa. La nayo inakosea, ti nayo. Kati ya noti saba za ngazi, nne zinatoka nje. Ukibadili uweke 3, ni do, fa na so ndizo zitakazoharibika. Hakuna namba moja itakayofaa ngazi nzima, kwa kuwa theluthi za ngazi hazilingani: do hadi mi ni nusu toni 4, re hadi fa ni 3, mi hadi so ni 3, fa hadi la ni 4, so hadi ti ni 4, la hadi do ni 3, ti hadi re ni 3.

Aina ya pili inajua hilo. Jina lake huwa Harmony au Harmonist, na dalili yake ni kwamba inakuuliza Key, yaani kii. Ukiiambia C, yenyewe inajua re iipe nusu toni 3 na fa iipe 4. Hiyo ndiyo uitumie.

Ila ukiijaza hiyo kii, kuwa mwangalifu na mambo mawili ambayo yameaibisha wengi madhabahuni. Ukiwa umebana kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya 2 na unashika maumbo ya C, kii inayosikika ni D, na prosesa inataka ile inayosikika. Halafu kuna kinanda: wapiga kinanda wengi hapa kwetu wanapenda kupiga kwa C na kubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti. Ukimuuliza kii atakujibu C kwa moyo mweupe, huku spika inatoa D. Usimuulize. Chukua tyuna ya prosesa, piga ile noti ambayo wimbo unatua nyumbani, soma jina lake. Na kama mwalimu wenu wa kwaya ana desturi ya kupandisha ubeti wa mwisho nusu toni, hifadhi sauti mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa kii, moja nafasi ya 11 na nyingine ya 12, ukanyage mara moja tu wakati ukifika.

Hata ukifanya yote hayo, kuna noti zitakazoendelea kukukwaza, na usidhani umekosea. Mashine inajua kii, haijui kodi. Katika C, bendi ikiwa kwenye kodi ya C, ukipiga do itakupa mi, ukipiga mi itakupa so, sawa. Ukipiga so itakupa ti, na ti juu ya kodi ya C inakwaruzana na do ya besi. Bendi ikihamia F, do yako itapewa mi, nayo inagombana na fa ya chini. Ni ile noti ya juu ya kila kodi. Mpigaji anayejua, akiwa kwenye so na kodi ni C, atabana do iliyo juu yake au mi iliyo chini, kwa kuwa vidole vyake vinasikiliza kodi. Msikilize Franco, yule mpiga gitaa wa rumba wa Kongo, anapopiga nyuzi mbili kwa pamoja: umbali kati ya noti zake mbili unabadilika kadiri kodi inavyogeuka. Hiyo ni kazi ya sikio na kidole, na ningependa ujifunze kuifanya kwa mkono hata kama una mashine. Chukua uzi wa kwanza na wa tatu, panda ngazi ya C kwa sita, mi na so ya chini yake, fa na la, so na ti, polepole, kila siku robo saa. Miezi michache hivi efekti utaiwasha kwa vifungu maalumu tu.

Vifungu hivyo ni vipi? Mistari ya noti moja moja inayokwenda hatua kwa hatua, isiyokaa muda mrefu mahali pamoja. Hapo noti ya kukwaruza inapita kabla sikio halijaikamata. Kwenye noti ndefu ya kumalizia, zima. Na badala ya theluthi ya juu jaribu kuweka sita ya chini: ukipiga do inatoka mi iliyo chini yake. Herufi ni zilezile, lakini sauti yako halisi inabaki juu ikiongoza, na mashine inakaa chini kama alto. Ni laini zaidi, na kosa la mashine halijitangazi. Sauti ya pili iwe na nguvu chini ya yako, 40 au 50 kati ya 100.

Kumbuka pia kwamba Harmony inataka noti moja kwa wakati. Ikipewa kodi haijui ishike ipi. Hali ni hiyohiyo kwa efekti nyingi za oktava, zile zinazoongeza noti ileile juu au chini. Mashine inapotafuta pichi inahitaji kuona angalau wimbi moja zima, na uzi wa E mnene una mitetemo kama 82 kwa sekunde, yaani wimbi moja linachukua milisekunde 12. Uzi wa E mwembamba, mitetemo 330, milisekunde 3 tu. Ndiyo maana huku chini sauti ya oktava inababaika na kuchelewa, na ukipanda freti ya 5 kwenda juu inatulia. Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya shingoni, punguza nobu ya toni ya gitaa, nyamazisha kwa kiganja nyuzi usizozipiga. Wengi wanailaumu prosesa wakati anayeichanganya ni uzi wa jirani unaolia kimyakimya. Ziko oktava zinazokubali kodi nzima. Ukiiwasha ukapiga kodi ya G na ikasikika safi, unayo hiyo.

Mpangilio wa efekti ndani ya prosesa nao una neno. Oktava na kila kinachotafuta pichi kikae mwanzo kabisa, kabla ya distosheni (efekti ya kukwaruza sauti), kwa maana kinataka sauti safi. Korasi, feiza ya taratibu, Detune na tremolo ziende baada ya amplifaya, kabla ya mwangwi. Harmony ndiyo yenye utata: noti mbili zikiingia pamoja kwenye distosheni kali zinazaa noti za tatu zisizoalikwa, hivyo kama unatumia distosheni, Harmony iweke baada yake; kwa gitaa safi, iache mwanzo. Kama una pedali ya kukanyaga yenye kuvuta pichi, iangalie kwenye menyu kisigino kimewekwa 0 na kidole gumba oktava, na uipime upya kwa menyu ya kurekebisha pedali, kwani ya mtumba mara nyingi hairudi sifuri kamili. Pedali iliyokwama juu ya sifuri kidogo inakupandisha senti 10 kutwa nzima.

Kwa mazoezi yako yajayo njoo na sauti tatu tu zilizohifadhiwa: gitaa safi lenye Detune senti 7, gitaa safi lenye korasi ya kasi ndogo na Mix 30, na ile ya kwanza ikiongezewa Harmony ya sita ya chini, kii ya wimbo mnaoufanyia kazi. Zote tatu zilingane ukubwa wa sauti, upime kwa masikio zikiwa zinapishana, si kwa kuangalia namba. Mwombe mwenzako mmoja akae mwisho wa ukumbi, umgeuzie mgongo, umpigie kifungu kilekile kwa kila moja bila kumwambia ipi ni ipi.

Ikiwa bado atasema limelewa, niandikie aina ya prosesa, kii ya wimbo, na namba tatu za korasi kama zinavyoonekana kwenye skrini: Rate, Depth na Mix.